Mikopo Midogo Ufukweni mwa Ziwa: Usipolipa, Analipa Nani?

Shangazi yangu anaanika dagaa Igombe, pembezoni mwa jiji la Mwanza. Kazi yake inafuata mwezi wa angani kuliko mwezi wa kalenda. Siku za giza, mwezi usipoonekana usiku, mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga, na alfajiri yeye yuko ufukweni na ndoo zake akigombea bei na wenzake. Mbalamwezi ikija, taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, na kwa siku kama kumi hivi ufukwe unalala. Watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanakwenda kusalimia kwao.

Mkopo wake wa kwanza ulikuwa wa shilingi 1,000,000 kwa miezi sita, marejesho kila Jumanne, shilingi 50,500. Jumanne ya giza, Jumanne ya mbalamwezi, ni zile zile 50,500. Siku niliyomsindikiza kikaoni alikuwa na 31,000 mkononi. Wanakikundi watano walikaa kwenye mkeka, afisa mikopo kwenye kiti cha plastiki, na utaratibu ulikuwa kwamba hakuna anayeondoka mpaka pesa itimie. Dakika zikapita. Mama aliyekaa kushoto kwa shangazi akafungua fundo la khanga, akatoa noti mbili za elfu kumi alizokuwa ameziweka kwa ajili ya sare za shule za mwanawe. Afisa akahesabu, akarudisha chenji ya mia tano, kikao kikafungwa kwa sala.

Watu wengi wakilinganisha mikopo huuliza kwanza riba ni asilimia ngapi. Ni swali la maana na nitalifikia. Lakini tangu Jumanne ile mimi huanza na jingine: siku mkopaji atakapokosa, hasara itamwangukia nani? Hapo ndipo mifumo ya mikopo midogo inapoachana. Riba zinaweza kufanana kabisa, na bado mkopo mmoja ukakugombanisha na majirani, mwingine ukakuondolea kiwanja.

Chanzo cha yote ni dhamana. Benki ya kawaida ikikukopesha inataka hati ya kiwanja, kadi ya gari au mshahara unaopita kwenye akaunti. Mwanika dagaa hana hivyo. Kwa hiyo anayetaka kumkopesha ana shida mbili kwa mpigo: hamjui, yaani hawezi kutofautisha mchapakazi na tapeli, na hata akimjua hana cha kukamata. Mifumo yote nitakayoieleza ni njia tofauti za kuzunguka shida hizo mbili, na kila njia ina mtu wa kuubeba mzigo.

Njia iliyosambaa zaidi duniani ilianzia Bangladesh. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya taka 856, fedha ambayo yeye mwenyewe huitaja kuwa dola 27 za Marekani. Kazi ile ikakua hadi kuwa benki kamili mwaka 1983, Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Utaratibu wao wa mwanzo ndio ule ule uliofika kwenye mkeka wa Igombe: watu watano wanaochaguana wenyewe, wawili wanapewa kwanza, wakilipa vizuri wanafuata wawili, mwenyekiti anapata mwisho. Marejesho ni madogo na ni ya kila wiki, mbele ya watu. Hapa kwetu shirika la mikopo midogo la PRIDE Tanzania lilianza kazi miaka ya 1990 kwa vikundi vya watu watano watano, vikikusanywa kumi kumi kufanya kundi la watu hamsini.

Akili ya mfumo huu ni kwamba jirani anajua asichoweza kujua afisa. Anajua nani anaamka saa kumi usiku na nani anaahidi tu. Ukiwaambia watu wachaguane huku kila mmoja akijua atamlipia mwenzake, kazi ya kuchuja wakopaji wanaifanya wao, bure, tena vizuri kuliko ofisi. Sitaki kuubeza mfumo huu hata kidogo. Shangazi yangu asingepata milioni moja popote pengine mwaka ule, na ile milioni ndiyo iliyompa chanja zake za kwanza za kuanikia.

Lakini kikundi ni kama bima, na bima haifanyi kazi watu wote wakiugua siku moja. Wale mama watano wa Igombe walikuwa wote wa dagaa. Mbalamwezi iliyomkausha mmoja iliwakausha wote. Aliyeokoa jahazi aliokoa kwa pesa ya sare za shule, siyo ya biashara. Hili maafisa wengi hawaliangalii wanapounda vikundi, kwa sababu watu wa kazi moja ndio wanaojuana na ni rahisi kuwakusanya. Kikundi chenye mwanika dagaa mmoja, fundi cherehani mmoja, mama ntilie, muuza mitumba na mwenye genge la nyanya kina nafasi kubwa zaidi ya kuvuka. Ukiombwa kuingia kikundi, waangalie wenzako wanne, ujiulize kama ipo siku moja inayoweza kuwaangusha wote.

Grameen yenyewe ilifundishwa na maji. Mafuriko makubwa ya mwaka 1998 yaliwakwamisha wakopaji wengi kwa pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 benki ikarekebisha mfumo wake, ikaruhusu aliyekwama apangiwe marejesho upya bila kuwavuta wenzake. Huko Ufilipino watafiti wakishirikiana na benki moja waliondoa dhamana ya pamoja, yaani sharti la kulipiana, katika baadhi ya vituo huku vikao vikiendelea kama kawaida, na idadi ya wasiolipa haikupanda. Mimi nalisoma hilo hivi: sehemu kubwa ya kinachowafanya watu walipe ni kukutana, kuonekana, na kutaka kukopa tena, wala si kutishiana. Na pale vitisho vilipoachiwa vikue, matokeo yake yalitisha. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, mwaka 2010, mikopo ya vikundi ilikuwa imerundikwa juu ya familia zile zile na makampuni kadhaa, habari za wadaiwa waliojiua zikaenea, serikali ya jimbo ikaingilia kati na watu wengi wakaacha kulipa kabisa.

Upande wa pili kuna mkopo wa mtu mmoja mmoja. Afisa anakuja dukani kwako, anahesabu bidhaa, anauliza unauza kiasi gani Jumatatu na kiasi gani Jumamosi, anapiga picha friji na makochi, anataka barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Benki ya BRI ya Indonesia ilionyesha tangu miaka ya 1980, kupitia matawi yake madogo vijijini, kwamba mikopo ya namna hii inaweza kwenda kwa mamilioni ya watu bila vikundi. Uzuri wake ni uhuru: huketi kikao, na mbalamwezi ya mwenzako haikuhusu. Hasara inakuangukia wewe na mdhamini wako. Na huyo mdhamini tumezoea kumwomba saini kama tunavyoomba maji ya kunywa, shemeji weka hapa jina tu, ilhali kisheria anaingia kwenye deni.

Sasa niingie kwenye vikoba, vikundi vya watu wanaoweka akiba kwa hisa na kukopeshana, maana hapo nina ushahidi wa mikono yangu. Nimewahi kuwa mmoja wa washika funguo watatu wa kikoba kimoja Igogo. Sanduku letu lilikuwa la chuma, rangi ya kijani, lenye kufuli tatu. Mimi nilikuwa na ufunguo wa katikati, na sanduku lenyewe lililala kwa mtu wa nne ambaye hakuwa na ufunguo wowote. Nikichelewa, watu thelathini wananisubiri. Hisa ilikuwa shilingi 5,000, na hakuna aliyeruhusiwa kununua zaidi ya hisa tano kwa kikao. Kila hisa ilipigwa muhuri kwenye kitabu chako, na asiyejua kusoma alihesabu mihuri. Pembeni ulikuwepo mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa, ambao hauna riba. Ukitaka kukopa, unaweza kufika mara tatu ya akiba yako.

Mzazi wa mfumo huu ni shirika la CARE, lililouanzisha nchini Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, na ukasambaa Afrika. Kwetu haukukuta uwanja mtupu. Upatu na mchezo vilikuwepo siku nyingi, na Wasukuma walikuwa wakichangiana nguvu na mazao zamani kabla ya neno benki kusikika. Kilichoongezeka ni kitabu, mkopo na riba inayobaki ndani.

Riba kubaki ndani ndiyo tofauti kubwa. Kwenye kikundi cha kampuni, riba unayolipa inakwenda zake. Kwenye kikoba, inarudi kwenye hisa mwisho wa mwaka. Lakini na hasara nayo inabaki ndani. Mwaka wangu wa pili, mwenzetu mmoja alihama na deni. Tulipokata akiba zake zote, bado shilingi 540,000 hazikuonekana. Tulikuwa na hisa 3,600, kwa hiyo kila hisa ilipungua 150. Hisa ya 5,000 ambayo ingetoka na 6,100 ilitoka na 5,950. Iliuma, na yalisemwa maneno makali siku ile, ila hakuna aliyelala njaa wala aliyeuza kitanda. Deni lile lile kwenye kikundi cha watu watano lingekuwa shilingi 135,000 kwa kila mmoja wa wanne waliobaki. Huo ndio ukubwa wa tofauti ya mzigo unaogawanywa kwa wengi na unaogawanywa kwa wachache.

Udhaifu wa vikoba ni kwamba pesa ni ndogo na wote wanaihitaji kwa wakati mmoja. Januari ya ada za shule sanduku letu lilibaki na mfuko wa jamii tu. Na kwa kuwa Desemba mnagawana na kuanza upya, huwezi kukopa cha miaka miwili, cha kununua injini ya mtumbwi kwa mfano.

Kwa hayo makubwa zaidi kuna SACCOS. Watu wa kanda hii ushirika hawakuusoma vitabuni: miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, walijenga shirikisho la ushirika lililokuwa miongoni mwa makubwa barani. SACCOS ni ushirika wa akiba na mikopo, una wanachama, bodi, mkutano mkuu, na unasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Haugawani kila Desemba, kwa hiyo mtaji unakua na mikopo inaweza kuwa mirefu. Hasara ni ya wanachama wote, ila sasa ni wengi kiasi kwamba hawajuani, na pale macho ya majirani yalipoondoka inabidi hesabu zilizokaguliwa zichukue nafasi. Usijiunge na SACCOS ambayo haijawasomea wanachama wake hesabu za mwaka uliopita.

Mikopo ya halmashauri niipitie kwa ufupi. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Hasara inauangukia mfuko wa umma, ambao hauna sura, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kutorudisha. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha ili kupanga upya utaratibu, ikarejea mwaka uliofuata. Kikundi kisicholipa kinamnyima mkopo kijana ambaye hajakijua wala hatakijua.

Kuna mkopeshaji mwingine ambaye hana ofisi wala fomu, na huku ziwani ni mkubwa: tajiri wa mwalo, yaani wa ufukwe wa kushushia samaki. Mvuvi wa sangara anapewa nyavu, injini na mafuta. Riba haijaandikwa popote. Sharti ni moja, samaki wote wapite kwake kwa bei anayopanga yeye. Tuseme bei ya mwalo ni 7,000 kwa kilo na yeye anachukua kwa 6,000; mvuvi akileta kilo 40, amelipa 40,000 siku hiyo bila kuona akilipa, na deni lenyewe halijapungua hata senti. Hata hivyo nitamtendea haki: tajiri ndiye mkopeshaji pekee niliyemwona anayelielewa ziwa. Siku ya dhoruba hadai, kwa sababu hakuna samaki. Anabeba ubaya wa siku, kisha anajilipa kwa kumbana mvuvi siku zote nzuri.

Bodaboda ya mkataba ni ndugu yake. Kijana wa Buzuruga anampelekea mwenye pikipiki hesabu, yaani pesa waliyopatana, kila siku, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Dhamana ni pikipiki yenyewe. Tatizo ni mwezi wa kumi na moja wa mkataba: akivunjika mguu hapo, katika mikataba mingi pikipiki inarudi kwa mwenyewe na ile miezi kumi aliyolipa inahesabiwa kama kodi. Anayeandika mkataba kama huo angeweza kuweka kifungu kinachompa dereva fungu la alicholipa. Si jambo gumu. Linahitaji tu kudaiwa kabla ya kusaini.

Halafu simu. Tangu M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ianze mwaka 2014, mtu anaweza kukopa akiwa kitandani, na kinachomjulisha kwa mkopeshaji ni mwenendo wake wa kutuma na kupokea pesa. Kiasi ni kidogo, muda ni mfupi, na makato hayaonekani makubwa mpaka uyazidishe kwa mwaka. Zikaja programu zisizo na leseni, ambazo ukichelewa zinawaandikia watu waliomo kwenye simu yako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mzigo unaangukia heshima yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 ya namna hiyo.

Na kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wa riba ya kunyonya. Hawa shida ya dhamana wameimaliza kwa kubeba kila kitu mapema: kadi ya benki na namba ya siri ya mwalimu, au karatasi ya kiwanja. Ninachoomba kila anayesoma hapa akichunguze ni kichwa cha karatasi. Wapo wanaokusainisha mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Siku ukishindwa, huna deni la kubishania, umeshauza.

Riba sasa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne: la kwanza ni wanaopokea amana, kama benki za huduma ndogo, la pili ni makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu SACCOS, la nne vikundi vya kijamii kama vikoba, vinavyosajiliwa halmashauri. Daraja la pili limewekewa ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Lakini asilimia 3.5 ya nini? Chukua ile milioni ya shangazi. Ikipigwa juu ya milioni nzima kila mwezi kwa miezi sita, riba ni 210,000, na hiyo, ikijumlishwa na milioni yenyewe na kugawanywa kwa Jumanne 24, ndiyo iliyozaa zile 50,500. Ikipigwa juu ya deni lililobaki, huku mtaji ukilipwa sawasawa kila mwezi, riba ni 122,500. Maneno yale yale, tofauti 87,500, ambayo kwa mwanika dagaa si pesa ya kuokota. Kwa malipo ya kila mwezi, ile njia ya kwanza ni sawa na kutozwa karibu asilimia 5.7 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Ongeza akiba ya lazima: wakikuzuilia 150,000 kama dhamana, umepokea 850,000 na unalipa riba ya milioni. Muulize afisa maneno haya hasa: riba inapigwa juu ya mkopo wote au juu ya salio?

Swali la kwa nini ulipe kila Jumanne nalo lina majibu yake. Huko Kolkata, India, wakopaji walioruhusiwa kuanza kulipa baada ya miezi miwili badala ya wiki mbili walithubutu kuwekeza zaidi, na miaka mitatu baadaye biashara zao zilikuwa zinaingiza faida kubwa kuliko za wenzao. Ila na waliokwama kulipa waliongezeka. Ndiyo sababu makampuni yanaing'ang'ania wiki: ratiba ngumu inawakinga wao, na gharama ya ugumu huo inabaki kwa mkopaji.

Shangazi aliumaliza ule mkopo, akamrudishia yule mama elfu zake za sare kwa dagaa na kwa pesa, wakabaki marafiki. Hakurudi kwenye vikao vya Jumanne. Sasa yuko kwenye kikoba cha watu ishirini na watano wa Igombe, wakiwemo fundi baiskeli, mwalimu wa awali na mama wawili wa mgahawa. Wamekubaliana marejesho ya watu wa dagaa yakusanywe giza likiwa linaelekea mwisho, na mbalamwezi wakutane kwa hisa na mfuko wa jamii tu. Katibu wao hakuandika tarehe. Kwenye safu ya kushoto ameandika giza la kwanza, giza la pili, mpaka chini. Juzi alinipigia simu nimsaidie kupanga mkopo wa kuongeza chanja za waya kabla ya masika, maana mwaka jana mvua ilimharibia dagaa waliokuwa mchangani. Tumeupanga uishe giza la nne.